Sakafu ya Ploti Ina Mteremko

Mwezi wa Machi niliandika makala ya Kiingereza, maneno 1,500, kuhusu namna ya kutumia jeki ya pikipiki bila kuumia ukiwa kwenye gereji ya nyumbani. Sijawahi kumiliki pikipiki. Jeki nilikuwa nimeiona mara moja tu, matatu ilipopata pancha pale Roysambu na sisi abiria tukasimama kando tukimwangalia makanga akilala chini kwenye vumbi. Lakini mteja alikuwa Marekani, kazi ilitakiwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na malipo yalikuwa shilingi 1,200. Nikaandika.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Naandika vitu nisivyovijua kwa watu nisiowajua. Leo mzio wa paka, kesho rangi za kupaka jikoni, keshokutwa jeki. Unasoma kurasa kumi za wengine, unapanga upya kwa maneno yako, unaweka vichwa vidogo, unatuma, na jina lako halitokei popote. Na usidhani nilifanya kazi mbovu. Makala yale yalikuwa mazuri, mteja mwenyewe alisema. Ushauri wa kwanza kabisa ulikuwa huu: kabla hujainua chochote, tafuta sakafu ngumu na tambarare.

Sentensi hiyo niliiandika nikiwa kitandani, mlango wazi. Nje ya mlango kuna koridoo ya ploti yetu, Githurai 45, na kwenye koridoo hiyo ilikuwa imesimama Boxer ya bro.

Sasa, ile koridoo ina mteremko. Ploti nyingi ziko hivyo; fundi wa ujenzi huuweka makusudi ili maji ya kufulia yakimbilie mtaro wa pale getini. Nimepita hapo miaka minne nikiwa na ndoo. Kuna siku chungwa lilinidondoka mlangoni, nikalifuata hadi kwa geti. Kwa hivyo nilijua. Ila sakafu ya makala yangu ilikuwa ya huko ng'ambo, kwenye nyumba yenye gereji kubwa kuliko keja yetu, na sikuwahi kuileta hapa nje ya mlango hata kwa mawazo.

Bro ananizidi miaka sita. Tangu barua ya chuo ilipofika, Ualimu, Kiingereza na Fasihi, ameniita Ticha. Mbele ya watu pia. Pale steji wenzake wote wananiita Ticha, hata wale wasiojua jina langu. Ile Boxer BM 150 aliinunua kwa mkopo wa chama chao, akalipa wiki kwa wiki, na alipomaliza deni la pikipiki akaanza deni langu. Karo, nyumba, na zile elfu moja moja za "nitumie nikanunue kitabu". Kila kitu kilitoka kwa hiyo pikipiki.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Ukitaka sababu, sina moja nzuri. Nilikuwa nimeanza kuandikia wazungu usiku, asubuhi nikawa silalii tena saa ambazo watu hulala, nikakosa lekcha, nikakosa mtihani, kisha nikakosa ule wa kurudia. Ukishakosa wa kurudia unaona aibu hata kupita mbele ya ofisi ya idara. Semesta iliyofuata bro alinitumia shilingi 28,000 za karo, na mimi nikaenda mjini nikanunua laptopu ya mtumba. Nilijiambia nitazirudisha kabla hajajua. Hiyo ilikuwa miezi saba kabla ya hiyo Machi. Kila Jumatatu nilikuwa natoka na mkoba, nakaa mahali penye Wi-Fi, narudi jioni. "Ticha umerudi?" Nimerudi.

Wiki tatu baada ya yale makala, Jumapili alasiri, bro aliamua kubadilisha beringi za tairi la mbele. Zilikuwa zimeisha. Ukilishika lile tairi ulisikia likicheza, na kwenye barabara lilikuwa linalia kama kinu cha mahindi. Fundi wa steji alitaka 500 za kazi peke yake, beringi ununue mwenyewe. Bro akasema 500 ni za unga, akaenda kwa jirani mwenye Probox akaazima jeki.

Ilikuwa jeki ya mkasi, ile inayokuja na gari, unazungusha chuma inafunguka kama mikono iliyokunjwa. Ile jeki imetengenezwa ikae chini ya ukingo wa gari. Juu ina kimdomo kidogo chenye mfereji, na huo mfereji unasubiri chuma cha gari kiingie ndani yake. Chini ya pikipiki hakuna chuma cha namna hiyo. Kuna injini, mviringo na yenye mafuta. Bro akasimamisha Boxer kwa stendi ya kati, pua ikiangalia geti, maana koridoo ni nyembamba na haigeuziki. Akaweka jeki chini ya injini. Akazungusha hadi tairi la mbele likaacha sakafu, kisha akaongeza tena, "ndio nipate nafasi". Kisha akachukua spana akaanza kupigana na nati ya ekseli.

Haya nimeyajenga baadaye, kutokana na alivyonisimulia na alama zilizobaki kwenye simenti. Mwenyewe sikuona. Nilikuwa ndani, mita nne kutoka hapo, hedifoni masikioni, naandika kuhusu mzio wa paka.

Nati ilikuwa imekauka. Akavuta. Ukivuta spana kwa nguvu unavuta pia kitu ambacho nati imeshikilia, na pikipiki nzima ikasonga mbele kidogo, upande ule ule mteremko ulikuwa unaitaka. Stendi ya kati hujikunja pikipiki ikienda mbele. Hivyo ndivyo ilivyoundwa. Kila asubuhi bro anaisukuma mbele ili stendi ipande. Ikajikunja. Jeki ikalala upande. Na bro, badala ya kuruka kando, akaishika.

Boxer ina kama kilo 120. Nilisikia sauti hata na hedifoni. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, mkono wa kushoto ameuweka kifuani kama mtu anayeapa, na damu inafuata mteremko kwenda kwa mtaro.

Ulikuwa mkono wa kushoto, vidole viwili, cha shahada na cha kati. Kama hujawahi kuendesha pikipiki, mkono wa kushoto ndio unaoshika klachi. Daktari alisema hakuna cha kukatwa, mfupa wa kidole cha kati umevunjika karibu na ncha, kucha moja itatoka, wiki sita. Bro akamuuliza, wiki sita bila kuendesha? Daktari akamwangalia tu.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri dawa ndipo nikafungua mdomo. Nadhani ni hofu. Nikamwambia, "Lakini bro, ile nati ungeilegeza kwanza tairi likiwa bado chini. Halafu ndio uinue."

Akanigeukia. "Wewe umejulia wapi?"

"Na pikipiki ikianza kuanguka unaiacha. Hushiki."

"Ningeiachaje?" akasema. "Na karo ya Septemba ingetoka wapi?"

Nikasema. Sikupanga, ila baada ya hiyo sentensi sikuona pa kupitia pengine. Nilianza na makala ya jeki, kwamba nililipwa 1,200, kwamba nilijua yote haya wiki tatu zilizopita. Akauliza kama ni kazi ya darasani. Nikasema hapana, na hapo ikabidi nieleze ni kazi gani, na nafanya saa ngapi, na kwa laptopu gani, na laptopu ilitoka wapi. Watu kwenye benchi walikuwa wamenyamaza kutusikiliza. Bro hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, miezi mingapi, nikamjibu. Kisha jina lake likaitwa dirishani na akaenda kuchukua dawa yake.

Tangu hapo hakuniita Ticha. Hakuniita kitu kingine chochote. "Wewe." "Chai iko hapo." "Funga mlango."

Kwa wiki mbili Boxer ilikaa koridoo bila tairi la mbele, fremu yake juu ya mawe, majirani wakiiruka na mabeseni. Mimi ndiye nililipa kodi mwezi huo, kwa paka na rangi za jikoni, na sikuisema wala yeye hakuisema. Kuna mwenzake wa steji aliyekuwa tayari kuiendesha na kumpa 300 kwa siku mpaka apone. Shida ilikuwa lile tairi. Nikamwambia tumwite fundi aje nyumbani, nitalipa zile 500.

"Atakuja na mawe," bro akasema. "Wote huja na mawe." Halafu baada ya muda: "Hayo makala yako yako wapi?"

Kwa hivyo jioni moja nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikamsomea, natafsiri nikiendelea. Ni mara ya kwanza mtu kusikiliza kitu nilichoandika hadi mwisho, na alinisimamisha karibu kila sentensi.

Nilisoma: tumia jeki maalumu ya pikipiki, ile yenye mikono miwili mipana iliyofunikwa raba. Akauliza bei. Endelea.

Nilisoma: funga pikipiki kwa mikanda minne kwenye kulabu za ukutani au za dari. Akaangalia juu. Dari yetu ni mabati na mbao ambazo hata nguo mbichi zikizidi zinapinda. "Kwa hiyo dari, pikipiki ndio itaishikilia nyumba," akasema. Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini alichukua kitu kutoka kwa hiyo sentensi hata hivyo, kwamba pikipiki iliyoinuliwa lazima izuiwe isiende upande wowote. Akasema blada. Vipande vya tyubu kuukuu, anavyo vingi, anafungia magunia. Akasema stendi ya kati tutaifunga kwa blada kwenye fremu, ivutwe, ili hata mtu akisukuma mbele isijikunje. Hilo halikuwa kwenye makala yangu. Nimetafuta tena, halikuwepo.

Nilisoma: usiinulie kwenye injini, inulia kwenye fremu. Akalala chini na tochi ya simu, mkono mbovu akiuweka mbali kama sahani ya moto, akanionyesha. Hapa ni chuma cha fremu. Hapa ni injini, hii nati ni ya kumwagia oili, ukiweka jeki hapa unapasua na unaenda kununua injini. Pikipiki zingine, akasema, chini ni injini tupu, na hizo unatafuta ubao mpana na uangalie umeuegemeza wapi. Miaka minne nimeishi na hiyo mashine na hiyo ndiyo siku nilijua chini yake pakoje.

Sehemu aliyoipenda ni ile ya uzito. Nilikuwa nimeandika kwamba pikipiki ikiwa na magurudumu yote mawili ina mizani yake, na ukitoa gurudumu moja unaivuruga. Ukitoa la nyuma inataka kulalia pua, ukitoa la mbele inakalia mkia. "Hiyo ni kweli," akasema, kama ambaye hakutarajia. Akanieleza kwamba Boxer ikiwa kwa stendi ya kati, hata mtu mmoja akikalia keria, pua inapanda yenyewe. Kwa hivyo kumbe hatuhitaji jeki iinue pikipiki nzima. Tunaweka gunia la mchanga kwa keria, tunalifunga, na jeki inashika tu mbele isirudi chini.

Akanirudisha kwenye orodha. Nini tena? Usiwashe injini mahali palipofungwa, moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya. Usisafishe cheni injini ikiwa imewaka na tairi la nyuma linazunguka. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema pale steji kuna mtu anayehesabu hadi tisa.

"Na jeki?" akauliza. "Jeki tunaazima tena ile?"

Nikasema nitanunua.

Nilienda Kirinyaga Road, ile watu wazima bado wanaita Grogan, ambako ukisimama sekunde tatu watu watano wanakuuliza unatafuta nini dada. Nilikuwa nimejiandaa. Jeki ya chupa ilikuwa rahisi kuliko zote, lakini imesimama wima, kichwa chake ni kidogo kama kifuniko cha soda, na ukiifupisha hadi mwisho bado ni ndefu; kuiingiza chini ya pikipiki ni kazi. Nikachagua ndogo ya magurudumu, ile ya kulala, yenye mkono unaopanda. Tulianza kwa bei ya watalii tukashuka hadi 4,500. Muuzaji alinipigia pampu hewani mara kumi kunionyesha ni nzima. Jeki isiyobeba kitu haikuambii chochote, hilo pia niliwahi kuliandika, lakini pale sikulikumbuka.

Nikiwa kwenye matatu, jeki mapajani, nilifikiria jinsi inavyofanya kazi, maana nilikuwa nimeandika aya nzima. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka wa 1662, ndiye aliyeeleza kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungwa, msukumo unasambaa sawa kila mahali ndani yake. Mpini unasukuma kipistoni chembamba, oili inakimbilia kipistoni kinene, na kama kile kinene kina eneo la uso mara ishirini ya chembamba, nguvu inazidishwa mara ishirini. Ndiyo maana mtu wa kilo 50 kama mimi anainua gari. Ila unalipia kwa mwendo. Unapampu sana, inapanda kidogo. Na uzito wote umekalia oili, na oili imezuiwa na vali ndogo na mipira ambayo huchakaa. Raba ikiwa na mkwaruzo, oili inarudi, na jeki inashuka taratibu bila mtu kuigusa. Kwa hiyo jeki ni ya kuinua. Ya kushikilia ni kitu kingine, kigumu, kisicho na oili ndani.

Tulifanya kazi Jumamosi asubuhi, nyuma ya ploti, kando ya tangi la maji. Bro alikuwa amepachagua. Alimwaga kikombe cha maji kwenye simenti tukasimama tukiyaangalia. Yalikaa pale pale, yakatanuka kidogo kila upande, hayakwenda popote. Kuihamishia Boxer huko bila tairi la mbele kulihitaji vijana watatu wa ploti na kelele nyingi. Hiyo sehemu sitaieleza, ila naweza kusema haikufuata makala ya mtu yeyote.

Stendi ya kati chini, blada kwa fremu, fundo mbili. Kipande cha mbao kila upande wa tairi la nyuma. Gunia la mchanga kwa keria. Kisha jeki chini ya fremu, na ubao juu yake ili chuma kisikutane na chuma. Bro alinionyesha kitu ambacho aligundua kwa kuiangalia tu ile jeki ikipanda bila mzigo. Mkono wake hauendi juu wima. Unachora tao. Kwa hivyo unapopampu, jeki yenyewe lazima itembee kidogo kwa magurudumu yake ili ibaki chini ya mzigo, na magurudumu yakikwama kwenye changarawe, basi mzigo ndio utavutwa kando. Akafagia simenti kwa mkono mmoja, polepole, hadi ikawa safi.

"Pampu."

Nikapampu. Inapanda kidogo sana, hata huamini. Baada ya mara nane hivi ubao ukagusa fremu, na nikasikia mpini umekuwa mzito mkononi. Hapo moyo ulianza kunidunda. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake, ule wenye bandeji, ambao alikuwa ameuweka mfukoni.

"Tosha," akasema. "Si lazima ipae."

Akasukumiza vipande vya mbao ngumu chini ya fremu, viwili kwa viwili, vimepishana kama kuni zilizopangwa na mtu makini, hadi kati ya mbao na fremu pakabaki upana wa kidole. Kisha akashika kiti na kuitikisa Boxer. Kidogo kwanza, halafu kwa nguvu. Alitikisa kabla ya yeyote kati yetu kuingiza mkono. Ilikaa.

Beringi niliziweka mimi, kwa sababu mikono mizima ilikuwa yangu. Unagonga ile duara ya nje tu. Ukigonga ya ndani umeiua kabla haijazunguka hata mara moja. Nililiweka tairi mapajani, beringi kuukuu juu ya mpya ili nyundo igonge ile iliyokufa, na bro akawa anasema "zungusha, gonga hapo, zungusha". Ilichukua karibu saa nzima. Jirani akatuletea chai, tukaenda kukaa kando, mbali na pikipiki, hatuongei.

Tuliporudi bro aliinama kuangalia mbao, akabaki ameinama.

"Kuja uone."

Ule upana wa kidole haukuwepo. Fremu ilikuwa imekalia mbao. Nikajaribu kupenyeza kucha, haikuingia. Hakuna aliyeigusa ile jeki. Ilikuwa imeshuka yenyewe tukiwa tunakunywa chai, na chini ya pistoni kulikuwa na alama ndogo ya oili, ndogo kama shilingi.

"Elfu nne na mia tano," bro akasema.

"Nitairudisha Jumatatu."

"Hawatakurudishia." Akaiangalia tena. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha puani, na akaendelea hadi akashikilia tangi. Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Nikangoja, nikacheka kidogo.

Tairi likarudi, ekseli ikapita, nati nikaianza kwa vidole. Nikapampu kidogo tena ili mbao ziachilie, akazitoa moja moja kwa kijiti, si kwa mkono, kisha nikafungua vali robo ya mzunguko. Ukifungua yote mara moja pikipiki inaanguka kama ilivyoanguka, tofauti ni kwamba umeiangusha mwenyewe. Ilishuka ikipumua. Tairi likagusa simenti, likabonyea kidogo, likabeba.

Yule mwenzake wa steji alikuwa ameshafika, amesimama kwa kona ya tangi na helmeti mkononi, anaangalia saa kwenye simu.

Bro akanipa spana. "Kaza hiyo."

Nikakaza ekseli hadi mabega yakaniuma, nikaongeza. Nikasimama. Bro akachukua spana kwa mkono wa kulia, akachuchumaa, akaijaribu mwenyewe. Haikusonga. Akaijaribu tena.